Risasi Isiyokuwapo

Msomaji mwema, ukipekua vitabu vya habari za vita katika maktaba ya shule yako, utaona kwamba waandishi wengi hupenda mahali pamoja kuliko pengine pote: pale injini ya ndege inaponyamaza. Ndege ya jeshi yaenda zake, imepakia askari au shehena, au yapelekwa tu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mara mtambo wakohoa, wazima, na rubani hana budi kuiweka chini apende asipende. Hapo msomaji husahau njaa na usingizi. Na kwa kuwa mahali hapo pana nguvu nyingi, ndipo pia mwandishi anapojaribiwa zaidi kutia chumvi. Nataka leo tuzitazame habari tatu za namna hiyo, mbili za mto Rufiji na moja ya jangwa la Misri, na tujiulize maswali mawili. Je, mwandishi ameeleza yaliyokuwapo, au ameongeza yasiyokuwapo? Na ikiwa ameongeza, hadithi yake imepata faida au imepata hasara?

Kabla ya kuwahukumu waandishi yatupasa tulijue jambo lenyewe. Ndege ambayo injini yake imezimika haianguki kama nazi. Rubani huiinamisha pua kidogo, nayo hushuka kwa mteremko, ikibadili kimo chake kuwa mwendo. Na maadamu ina mwendo, mabawa yake huendelea kuibeba. Lakini kila futi inayopotea hairudi. Katika dakika hizo chache rubani hana budi kujua upepo unavuma kutoka wapi, achague ardhi iliyo sawa, akumbuke miti, mawe na mitaro, kisha ashuke mara moja tu, kwani hana nguvu ya kupaa tena ili ajaribu mara ya pili. Ndege kubwa za kuchukua mizigo katika Vita vya Pili vya Dunia, kama zile zilizoitwa Dakota, zilikuwa na injini mbili. Moja ikifa, ya pili iliweza kuendelea kuibeba ndege ikiwa haikulemewa. Ikilemewa, waliokuwamo walifungua mlango wakaanza kutupa mizigo nje. Sisi watu wa pwani tuna neno la kitendo hicho tangu enzi za mababu: ni kutosa, kama nahodha atosavyo shehena chombo kinapoelemewa na mawimbi. Hata neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupaa angani.

Basi angalia: katika hayo yote niliyoyataja hamna adui hata mmoja, na bado hofu imejaa tele. Liweke hilo moyoni, maana hukumu yangu yote yasimama juu yake.

Habari yetu ya kwanza ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikaenda kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji, pale mto unapogawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka nje. Wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege ya kutua majini, wakamleta ili aitafute kutoka juu. Ndege ile ilikuwa dhaifu, na joto la kwetu halikuihurumia. Rejeta yake ilipoharibika ilibidi merikebu itumwe Mombasa kuleta rejeta ya motokaa ya Ford, nayo ikafungwa katika ndege mahali pa ile mbovu. Kwa mtambo wa namna hiyo Cutler aliruka juu ya mikoko, na Königsberg aliiona. Lakini katika Desemba 1914 injini ilimshinda kabisa, akashuka mtoni, akatekwa na Wajerumani. Wenzake waliokwenda na mashua ya mtambo hawakumpata. Ndege yake tu waliifunga kamba wakaivuta hadi nje, huku risasi zikiwaandama.

Sasa niambie, ni kitu gani katika habari hii kilichokunasa? Mimi nadhani ni ile rejeta ya motokaa. Mwandishi ambaye angeiacha ili apate nafasi zaidi ya kueleza milio ya bunduki angekuwa ametupa lulu akaokota kombe. Rejeta ile yatuonyesha, bila hotuba, jinsi ndege zilivyokuwa changa mwaka ule, jinsi vita vilivyowakuta watu hawako tayari, na jinsi mtu mmoja alivyokubali kuruka juu ya maji na mamba akitegemea kipande cha chuma kilichoundwa ili kiende barabarani. Risasi zipo katika habari, nazo ni za kweli. Lakini zimekaa mahali pake, mwishoni, wala hazikuitwa zije kusaidia.

Habari ya pili ni ya mto ule ule. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za maji haba, Severn na Mersey, ziliingia Rufiji ili ziiangamize Königsberg. Wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona shabaha yao, kwa kuwa mikoko iliwaziba. Macho yao yalikuwa angani: rubani John Cull, na mtazamaji wake, Harwood Arnold, aliyewaambia kwa simu ya upepo kila kombora limeanguka wapi, mbele au nyuma, kulia au kushoto. Walikuwa kazini hivyo ndipo vipande vya kombora la Königsberg vilipoipiga injini yao. Cull akaanza kushuka kuelekea mtoni. Arnold akapeleka habari kwamba wamepigwa na mashua iletwe. Kisha, ndege ikishuka bila injini, akaendelea kusahihisha shabaha, hata makombora ya Severn yakawa yanaipata manowari ile barabara. Ndege ilipogusa maji ilipinduka. Cull alinaswa chini ya maji na mkanda wa kiti chake, akajinasua. Mashua ya Mersey ikawaokota wote wawili wakiwa hai. Siku ile ndiyo iliyokuwa mwisho wa Königsberg.

Hawa basi walipigwa kweli. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kupamba maneno yao ni hawa. Lakini tazama jinsi habari yao ilivyotufikia: wamepigwa, mashua iletwe, na kombora lile limeanguka mbele mno. Hatari ya mtu mwenyewe na kazi ya mtu mwenyewe zimesemwa kwa sauti moja, wala hatari haikupewa sauti kubwa kuliko kazi. Maneno yake ni machache kwa sababu msemaji alikuwa akishughulika na jambo kubwa kuliko nafsi yake, na msomaji, bila kuambiwa amsifu, humsifu.

Sisemi kwamba habari hii haina upungufu. Warufiji waliokuwa wakilima mpunga na kuvua samaki katika matawi ya mto ule hawamo. Wasimulizi wameona mikoko, wameona moshi, wameona manowari, watu hawakuwaona. Msema kweli aweza kusema kweli tupu na bado akaacha nusu ya kweli nje ya mlango, na msomaji mzuri hana budi kuuliza nani hakuhesabiwa. Lakini lile lililosemwa, limesemwa sawasawa.

Kwa kipimo hicho tuiendee habari ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Ni ya kijana aliyekuwa akikaa Dar es Salaam. Roald Dahl, ambaye huenda umesoma vitabu vyake vya watoto, alizaliwa Wales mwaka 1916 na wazazi wa Kinorwe, akaja Tanganyika mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Huku alijifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939 aliendesha motokaa kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, akajiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza, na ni huko Nairobi alikojifunza kuruka. Tarehe 19 Septemba 1940, akiwa Misri, alipewa ndege ya injini moja iitwayo Gladiator, aina ambayo hakuwa ameizoea, aipeleke kwenye kikosi chake kilichokuwa jangwani. Hakuwa anakwenda kupigana siku ile. Alikuwa anaipeleka ndege tu. Hakukiona kiwanja. Jua likawa linatua, mafuta yakawa yanakwisha. Akaamua kushuka jangwani kabla giza halijafunga, akagonga jiwe. Fuvu lake lilivunjika, ndege ikashika moto, akajiburuta nje. Kwa majuma kadhaa hakuona kitu, akalazwa hospitalini Alexandria.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa tazama yalivyosimuliwa.

Mwaka 1942 Dahl alikuwa Washington, katika ubalozi wa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester, yule aliyetunga riwaya ya The African Queen, alimwomba ampe habari za vita alivyoviona, nazo zikatokea katika gazeti kubwa la Marekani, The Saturday Evening Post, zikiwa na kichwa Shot Down Over Libya, yaani Kudunguliwa Juu ya Libya. Humo msomaji aliambiwa kwamba ndege ilipigwa risasi na Waitalia. Lakini hakudunguliwa, na Libya haikuwa Libya, ilikuwa Misri. Kichwa kizima kina maneno machache mno, nayo yamebeba uongo wa namna mbili.

Mwaka 1946 Dahl aliisimulia tena habari hiyo katika mkusanyo wa hadithi zake, safari hii kwa jina A Piece of Cake. Sababu ya kuanguka yapitwa upesi, kama mtu apitavyo mlango ulio wazi. Nguvu zote zimewekwa katika moto. Kuna mahali mwili uliovunjika na akili iliyozimia hupelekeana habari kama watu wawili walio mbali: huku chini pana joto kali, tufanye nini? Na jibu huchelewa kufika. Nimeyasoma maandishi mengi ya vita, na ni machache yaliyonionyesha hivyo jinsi mtu anavyokuwa mgeni katika mwili wake mwenyewe. Tena risasi zimo. Ni risasi za ndege yake mwenyewe, zilizolipuka katika bunduki zake kwa ukali wa moto. Basi jioni ile zilikuwapo risasi kweli. Lakini hapakuwa na adui aliyezipiga.

Mwaka 1986, mtu mzima sasa, Dahl alitoa kitabu cha habari za ujana wake, Going Solo. Humo alikanusha wazi kwamba alidunguliwa. Alieleza kwamba maelekezo aliyopewa ya mahali kilipo kikosi yalikuwa na kosa, ndiyo maana hakukiona. Kwa hiyo ungeweza kudhani kwamba hapo tumefika kwenye kweli yenyewe, tukavua viatu tukapumzika. La. Donald Sturrock, katika kitabu cha maisha ya Dahl kilichotoka mwaka 2010, ameonyesha kwamba Dahl hakuwa peke yake jioni ile. Rubani mwenzake alikuwa akiruka naye katika ndege ya pili. Aliona moto, akatua jangwani karibu naye salama, akakesha naye usiku ule wa baridi. Katika hadithi ya mwaka 1946 mwenzake huyo yumo, kwa jina la kubuni. Katika kitabu cha mwaka 1986, kinachosemwa kuwa ndicho cha kweli, hayumo. Risasi imeondoka, na rafiki ameondoka nayo.

Hapa ndipo hukumu yangu ilipo. Fikiri, msomaji, juu ya tendo la yule rubani wa pili. Injini yake ilikuwa nzima. Hakuna aliyemlazimisha kushuka. Alijua jangwa lile lina mawe, maana jiwe mojawapo lilikuwa limekwisha kumvunja mwenzake mbele ya macho yake. Akashuka. Katika habari nzima ya tarehe 19 Septemba 1940 hakuna ushujaa uliopita huo; nao ndio uliopata nafasi ndogo kuliko yote. Mara ya kwanza kichwa cha habari kililipa jioni ile adui asiyekuwapo, na macho ya msomaji yakamfuata huyo adui. Mara ya mwisho msimulizi alitaka kuteseka peke yake, na shujaa wa kweli hakuitwa hata kuwa shahidi.

Wako watakaomtetea. Watasema kwamba mwaka 1942 vita vilikuwa vikali, Marekani ilikuwa imeingia vitani si zamani, na wasomaji walihitaji kutiwa moyo. Watasema pia kwamba mtunzi ana ruhusa ya kutunga. Nayakubali yote mawili kwa kiasi. Mtunzi wa hadithi aweza kuanguka na ndege juu ya mwezi akitaka, nasi hatutamdai hati ya mashahidi. Lakini habari ile ya 1942 haikutolewa kama hadithi. Ilitolewa kama habari ya kweli. Mwenye kuuza maziwa ana ruhusa ya kuuza maji pia, ila asiyachanganye katika chupa moja. Tena, hata tukiacha haki na tutazame sanaa peke yake, risasi ile ilidhuru. Rubani aliyepigwa na adui hana kosa, wala waliomtuma hawana kosa, amepigwa, imekwisha. Bali rubani aliyepotea ana mambo mengi moyoni: ramani isiyolingana na mchanga, jua linaloshuka, kipimo cha mafuta, na swali kama aamini maelekezo aliyopewa au macho yake. Risasi moja ilifuta hayo yote. Ilikuwa njia ya mkato, na njia ya mkato mara nyingi haipiti kisimani.

Usidhani kwamba tabia hii ni ya wageni tu, wala ya ndege tu. Twende Malindi, karibu nasi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata hapo rubani aliyemvusha hadi Bara Hindi. Vitabu vingi vimeandika kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa Waarabu. Wanachuoni waliochunguza wamelikataa jambo hilo. Kumbukumbu za kale za Wareno zamtaja mtu wa Gujarati. Kwa nini basi jina la Ibn Majid liliganda? Kwa sababu ile ile iliyoileta risasi ya Dahl. Rubani asiyejulikana alionekana hatoshi, akabandikwa jina kubwa. Na kwa kubandikwa jina hilo, mtu halisi aliyeijua pepo na nyota za bahari yetu akafutika.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wa huku Matsangoni insha juu ya ndege ya jeshi ya mizigo iliyozimikiwa na injini, ikatua kwa dharura katika mashamba yaliyo kati ya barabara ya Malindi na bahari. Madaftari karibu yote yalirudi yamejaa bombom, mabomu na maadui walioruka kwa miavuli. Mwandishi mmoja tu hakuleta adui. Aliandika juu ya mwanamke aliyekuwa akiokota korosho, ambaye hakuinua kichwa ndege ilipokuwa ikinguruma, kwa kuwa ndege hupita kila mara; akainua kichwa pale ngurumo ilipokatika. Wenzake walipoisikia insha hiyo ikisomwa walisema kwamba hakuna kilichotokea ndani yake. Nami nilisema, na nasema tena hapa, kwamba yote yalikuwa yamekwisha kutokea. Kimya kile kilikuwa na hofu zaidi ya bombom zote za daftari nyingine, kwa sababu mwandishi alijiuliza mtu aliye chini ya mkorosho angesikia nini, akaandika hicho.

Sikukatazi kuandika juu ya risasi. Vita vilifika kwetu pia: mwaka 1940 ndege za Waitalia ziliipiga Malindi kwa mabomu, na atakayeandika habari za siku hiyo bila kutaja mabomu atakuwa amesema uongo kwa kupunguza, kama mwingine asemavyo uongo kwa kuongeza. Risasi iliyokuwapo iandike, na uiweke mahali pake kama Arnold alivyoiweka yake: kwa maneno machache, kisha urudi kazini.

Unaposoma habari yoyote ya hatari, au unapoandika yako, lifanye jaribio hili. Mtoe adui katika ukurasa, kisha usome tena. Ikiwa hadithi yasimama bado, adui huyo hakuwa na kazi pale. Ikiwa yaanguka, tazama vizuri mahali alipokuwa amesimama. Huenda utamkuta hapo mtu aliyekuwa amezibwa, amekaa mchangani usiku kucha karibu na rafiki yake aliyeungua, akingoja kuche.